Popo, Mwembe na Banda la Mnyama

Wanachama wa Pemba wamezoea kuwaona popo wakubwa wakiruka jua linapokuchwa, wakienda kutafuta matunda. Popo hao hawapatikani popote duniani ila Pemba. Siku hizi husemwa sana kwamba popo huchukua maradhi, na wapo waonao heri miti wanayolala ikatwe. Kabla hatujashika shoka, yafaa tujue yaliyowapata wakulima wa Malaysia.

Mwaka 1998, karibu na mji wa Ipoh, wafugaji wa nguruwe walishikwa na homa kali, kichwa kikawauma, kisha wengine wakapotewa na fahamu na kufa. Ilidhaniwa kuwa ni ile homa ya ubongo iletwayo na mbu, ambayo ni ya zamani katika nchi zile. Dawa ya mbu ikapigwa na watu wakachanjwa, walakini vifo havikukoma. Mbu huuma mkubwa na mtoto, lakini waliougua karibu wote walikuwa watu wazima washikao nguruwe. Na nguruwe wenyewe walikuwa wakikohoa kwa kishindo, kama mbwa abwekaye.

Machi 1999 Dr. Kaw Bing Chua, wa Chuo Kikuu cha Malaya, alipata kirusi kipya kwa mgonjwa wa kijiji cha Sungai Nipah. Ndiyo asili ya jina Nipah. Baadaye kirusi hicho kilionekana katika mkojo wa popo wakubwa, walio jamaa wa karibu wa hawa wetu, nao hukaa nacho bila kudhurika.

Kilifikaje kwa nguruwe? Wafugaji walikuwa wamepanda miembe ubavuni mwa mabanda, wapate faida mbili katika shamba moja. Popo hutafuna tunda, humeza maji yake na kutema makapi. Makapi na maembe yaliyoumwa yaliangukia bandani, nguruwe wakala.

Wanyama walipoanza kuugua, baadhi ya wafugaji waliwauza upesi kwa bei ndogo. Twafahamu uchungu wa hasara, lakini biashara hiyo ndiyo iliyoyachukua maradhi kwa malori mpaka Negeri Sembilan, na hata kwenye machinjio ya Singapore. Katika Malaysia walikufa watu 105, na nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa. Aliyeuza na asiyeuza, wengi walipata hasara.

Msomaji atasema: sisi hatufugi nguruwe. Ni kweli, wala Nipah haijapata kutokea visiwani kwetu. Lakini kule Malaysia iliwapata mbwa na paka pia, na mwaka 1994 kirusi cha jamii yake kiliua farasi Australia. Huko Bangladesh, tangu mwaka 2001, imewafikia watu bila mnyama wa kati: popo hulamba maji matamu ya mtende katika vyungu vya wagema usiku, na watu huyanywa mabichi asubuhi. Wagema wengine sasa hufunika vyungu kwa vipande vya mkeka wa mianzi.

Kukata miti hakufai kitu. Popo aliyefukuzwa msituni atahamia mwembe ulio karibu na nyumba. Tena miaka ya mwanzo ya 1990 popo wetu walikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wamerudi kwa kulindwa na wanavijiji, kama wale wa Kidike, nao hueneza mbegu za miti yetu.

Mbuzi na ng'ombe wasifungwe chini ya mwembe unaoliwa na popo. Kuhamisha kamba hakugharimu senti. Vyombo vyao vya maji vifunikwe usiku. Embe lenye alama za meno lifukiwe, wala watoto wasilikate upande mzima wakala. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Na mwenye mnyama akohoaye asimpeleke mnadani, bali amwite kwanza bwana mifugo.