Akiba ya Mikoko Iliyo Chini ya Tope



Maombi yanayohusu ardhi ya mikoko ni ya namna nyingi. Chama kimoja chataka mashamba ya mpunga, kingine mabwawa ya chumvi au ya samaki, na siku hizi yaja pia mapendekezo ya kuuza hewa ukaa. Aghalabu katika hesabu zinazoambatishwa, msitu huthaminiwa kwa boriti, pau na kuni zake tu. Hesabu hiyo ni pungufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mali haionekani.

Msitu huu huanza pale ambapo maji huacha udongo laini mahali palipokingika na mawimbi makali. Mbegu za mkoko huota zingali juu ya mti. Zikianguka huelea, na zikipata tope hushika. Katika pwani yetu mstari wa mbele ni wa mililana na michu. Nyuma yake husimama mikoko yenye mizizi kama miguu mingi, kisha misinzi na mikandaa. Mpangilio huo hufuata kimo cha maji kujaa na ukali wa chumvi, wala si umri wa msitu peke yake. Ndiyo maana mchu huonekana tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu. Mizizi hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyopunguza mwendo hutua mzigo wake wa udongo.

Jani hunywa hewa ukaa, na kaboni iliyomo ikawa shina, tawi na mzizi. Katika msitu wa nchi kavu, jani lililoanguka huoza upesi na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi hewani. Katika tope la mikoko oksijeni ni haba mno, hata mchu hulazimika kuchomoza vijiti vya kupumulia. Vijidudu vya kuozesha hufanya kazi kwa uvivu, mizizi midogo iliyokufa hubaki, na tope jipya huifunika. Tabaka huongezeka milimita chache kwa mwaka, likifuatana na bahari inayopanda polepole. Huko Belize, katika Amerika ya Kati, kuna mahali ambapo tabaka hilo limefika kina cha mita 10 hivi, nalo limejengwa kwa zaidi ya miaka 7,000. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 juu ya mikoko ya nchi za Bahari ya Hindi na Pasifiki ulipata wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, nyingi zikiwa udongoni.

Tope hilo likikaushwa, oksijeni huingia na kaboni ya karne nyingi huanza kutoka ikiwa hewa ukaa. Tena salfa iliyofungwa humo hugeuka tindikali, ambayo huua samaki bwawani na kudhoofisha mazao. Katika delta ya Rufiji, yenye eneo kubwa kuliko yote la mikoko nchini Tanzania, sehemu za kaskazini zilifyekwa kwa mpunga; mashamba kadhaa yaliachwa baada ya miaka michache kwa sababu ya magugu na kaa. Miti yaweza kupandwa upya na kutoa nguzo katika miaka 20 au 30. Tope halipandwi.

Kuhusu kuuza hewa ukaa, mfano ulio karibu ni Gazi, Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukitunza hekta 117 tangu mwaka 2013, kwa kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Ifahamike kwamba kinacholipiwa si akiba yote iliyo chini, bali kile ambacho msitu huongeza na kile ambacho ulinzi umezuia kisipotee. Kamati isome kipimo kwa makini: tani 1 ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa, na mkataba unaochanganya viwili hivyo haufai kutiwa sahihi. Iulizwe pia kama udongo ulipimwa, kwa kina gani, na chama kitafungwa kwa miaka mingapi. Kwa vyama vya Tanzania Bara, misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali. Idhini ya maandishi itangulie mkutano mkuu, isije ikatafutwa baada yake.