Hati Moja ya Bima kwa Magari ya Ukoo Mzima

Mtu atokaye Bujumbura akaishika barabara ya taifa namba 3 kuelekea kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kulia na milima mkono wa kushoto mpaka afike Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Njiani atapita Kabezi, Magara na Minago. Atakutana na baiskeli zilizobebeshwa madumu ya mawese, wachuuzi wa ndagala na mikeke, watoto watokao shule, na mbuzi wasioijua sheria yoyote. Motokaa nyingi zipitazo hapo zina usukani upande wa kulia, kwa kuwa zimetoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, ilhali sisi katika Burundi twapita kulia. Dereva wa gari la namna hiyo atakaye kulipita lori hana budi kulitoa gari lake karibu nusu nzima kabla ya kuona kinachomjia mbele. Twayataja hayo mapema ili ieleweke kwamba bima, au asiransi kama isemwavyo sokoni, si karatasi ya kumwonyesha polisi tu.

Tangu Desemba 2007, vikosi vya kwanza vya Burundi vilipofika Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, askari wengi walirudi nyumbani na akiba. Wengine walijenga, wengine walinunua mashamba ya michikichi, na wengine walinunua magari. Na kwetu gari halinunuliwi na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Tuchukue mfano wa sajini mwenye nyumba Rumonge. Analo gari lake mwenyewe. La pili limenunuliwa kwa fedha za mdogo wake, lakini likaandikwa kwa jina la sajini kwa sababu ndiye aliyekuwa na kazi yenye mshahara. La tatu mkewe hulitumia kupeleka mawese Bujumbura. Siku ya kukata bima dalali humshauri aweke yote matatu katika mkataba mmoja, yaani floti. Malipo yanapungua kidogo, tarehe ya kumalizika ni moja, na safari ya kwenda ofisini ni moja. Sajini hutia sahihi, akarudi kambini akiwa na moyo mweupe.

Faida hizo ni za kweli, wala hatuzikatai. Tatizo ni kwamba mkataba ni mmoja lakini madereva ni watatu, na mbele ya kampuni ya bima mwenye kuwajibika ni yule aliyetia sahihi.

Jambo la kwanza ni malipo. Mdogo mtu akichelewa kuleta fungu lake, kampuni haiulizi ni fungu la nani lililopungua. Deni ni la mkataba wote. Mkataba ukisimamishwa, magari yote matatu huwa barabarani bila kinga, pamoja na lile ambalo mwenyewe alilipa mapema. Askari aliye katika kituo cha mbali aweza kukaa miezi asijue kwamba gari lake liegeshwalo Rumonge halina bima tena.

Lakini jambo lililo zito kupita hilo ni matumizi ya gari. Hapa twaomba msomaji asiharakishe. Katika fomu ya bima kuna swali: gari hili ni la matumizi ya nyumbani, au ni la kuchukua abiria na mizigo kwa malipo? Malipo ya aina ya pili ni makubwa zaidi, kwa kuwa gari la biashara hutembea mchana na usiku na watu wengi ndani yake. Katika mkataba wa floti mara nyingi magari yote huandikwa kwa pamoja kuwa ya nyumbani. Kisha mdogo mtu, apatapo mafuta, naye ajua jinsi petroli ilivyokuwa adimu nchini miaka hii, huanza kubeba abiria kati ya Rumonge na Nyanza-Lac ili arudishe gharama yake. Hamwambii kaka yake, wala kaka hamwambii dalali.

Siku gari hilo likimgonga mtoto karibu na soko la Minago, mkaguzi wa kampuni atauliza abiria walikuwa nani na walilipa kiasi gani. Katika sheria za bima zilizofuata njia ya Kifaransa na Kibelgiji, mtu aliyedanganya kwa makusudi aweza kuvunjiwa mkataba. Aliyekosea bila kukusudia hupunguziwa fidia kwa kadiri ya malipo aliyopunguza: tukadirie kwamba alilipa faranga 60,000 badala ya 100,000, basi katika hasara ya faranga 1,000,000 atahesabiwa 600,000. Tena kampuni ikilazimika kumlipa mtoto aliyeumia, yaweza kumgeukia mwenye mkataba na kumdai. Huyo ni sajini, ambaye siku hiyo pengine alikuwa lindoni mamia ya kilomita kutoka Minago, na hakushika usukani.

Mke wake, ambaye hakubeba abiria hata mmoja, naye ataguswa. Kampuni nyingi hupunguza malipo kwa mteja asiyepata ajali, na katika floti hesabu hiyo yaweza kufanywa kwa magari yote pamoja. Mgogoro wa namna hiyo huingia hata mezani, chakula kikapoa.

Kwa ndugu zetu polisi walioko kwenye vizuizi vya barabara tuna neno moja. Mkataba waweza kuwa mmoja, lakini kila gari lapaswa kuwa na cheti chake chenye namba ya plaki yake. Nakala ya mkataba wa ukoo, hata ikiwa na mihuri mitano, haitoshi ikiwa plaki iliyo mbele yako haimo. Gari lililouzwa mwezi uliopita na lile lililonunuliwa badala yake si gari moja, ingawa rangi ni ile ile. Na askari mwenzako akisimamishwa, na aonyeshe cheti kama raia yeyote. Kumpitisha kwa heshima ya sare ni kumwacha aendelee na hatari asiyoijua.

Aendaye Kigoma kwa kupitia Mugina na Manyovu ana kazi nyingine. Safari hizo zitazidi, maana mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia mradi mmoja wenye kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza kwa upande wetu, na kilomita 260 kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu kwa upande wa Tanzania. Huko bima ya ndani haimfuati mtu. Huhitajiwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Kadi hutolewa kwa kila gari peke yake. Hulipa madhara waliyopata watu wengine na matibabu ya waliomo garini. Bati lako lililopondeka halihusiki. Na ukivuka mpaka, kumbuka kuhamia kushoto.

Vivyo hivyo bima ile ya lazima hailipi gari lililofunikwa na udongo, kama ule ulioporomoka Gitaza Machi 2015, wala lililoingiwa na maji ziwa lilipofurika miaka hii ya karibuni. Atakaye kinga hiyo aiombe kwa jina na ailipie.

Limebaki jambo ambalo askari hatupendi kulitamka. Mwenye jina akifa kazini, magari yote matatu huhesabiwa kuwa mali yake, na yule mdogo aliyenunua gari kwa fedha zake hana karatasi ya kumtetea mbele ya warithi. Kwa hiyo gari la ndugu na liandikwe kwa jina la ndugu, likatiwe bima yake mbali. Yale ya mume na mke yaweza kubaki katika mkataba mmoja, kila moja likiandikiwa dereva wake na matumizi yake ya kweli, na nakala ibaki kwa mke nyumbani. Dalali akikataa kuandika hivyo, msomaji ajue kwamba kampuni zote za bima nchini husimamiwa na wakala wa serikali uitwao ARCA, na ofisi zake ziko wazi kwa mwenye swali. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Yafaa ifanywe kabla amri ya safari haijatoka, maana ikiisha kutoka, ruhusa ya kwenda mjini haipatikani.