Motokari ya Umeme Ikiishiwa Nguvu Njiani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto munaosoma ukurasa huu nyumbani,

Kila siku mikono yenu inatoa shaba na kobalti katika udongo wa inchi yetu. Mwaka 2023, zaidi ya theluthi mbili za kobalti iliyochimbwa duniani kote ilitoka Kongo. Sehemu kubwa ya kobalti inaingia katika batri. Shaba nayo inaingia katika nyuzi na mitambo: motokari moja ya umeme inabeba kadiri ya kilo 80 za shaba. Basi inafaa mufanyakazi ajue vitu hivi vinafanya kazi namna gani, na hatari yake ni ipi, sawa anavyojua hatari ya baruti.

Leo tunaongea juu ya jambo moja: motokari ya umeme imeishiwa nguvu njiani, na muna sanduku la umeme la kubeba. Je, sanduku hilo linaweza kuwasaidia? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kipimo. Asiyejua kipimo hicho anaweza kupoteza sanduku lake, motokari yake, hata maisha yake.

SANDUKU HILO NI NINI?

Ni batri kubwa iliyofungwa ndani ya sanduku lenye mukono wa kulibebea. Ndani yake kuna pia mutambo unaogeuza umeme wa batri kuwa umeme kama ule wa nyumbani, wa volti 220. Wengi wanalinunua sababu ya delestaji: linawasha taa, linajaza telefone, linaendesha frigo kwa masaa machache. Halina moshi wala kelele.

Juu ya sanduku kila mara kuna hesabu mbili. Usizichanganye.

Ya kwanza ni wati-saa. Hiyo ni sawa na ukubwa wa bido: inaonyesha umeme kiasi gani umo ndani.

Ya pili ni wati. Hiyo ni sawa na upana wa mudomo wa bido: inaonyesha umeme kiasi gani unaweza kutoka kwa mara moja.

Bido kubwa yenye mudomo mudogo haitakufaa, na bido ndogo yenye mudomo mupana itakwisha upesi.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Motokari ya umeme inajazwa kwa kamba yake ya safari, ile inayoingia katika prizi ya kawaida. Kamba nyingi za namna hiyo hazishuki chini ya ampere 6. Zidisha 6 kwa volti 220: utapata wati 1,320. Basi sanduku la wati 1,000 litajizima lenyewe mara moja. Tafuta lenye kutoa wati 1,500 au zaidi bila kupumzika.

Sasa, litakupeleka wapi? Tuchukue sanduku la wati-saa 2,000, ambalo lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Umeme wote hauingii katika motokari. Sehemu nyingine inapotea kuwa joto ndani ya sanduku, nyingine ndani ya kamba na mutambo wa motokari. Baki inaweza kuwa kadiri ya 1,500. Motokari ndogo inakula kati ya wati-saa 150 na 200 kwa kila kilometa moja. Kwa hiyo, kisha kungojea saa moja na nusu, utapata kilometa 8 hadi 10. Si zaidi. Njia ikiwa ya mulima, ya mchanga au ya mashimo, utapata pungufu.

Kwa mufano: kutoka Kolwezi mpaka Likasi ni kadiri ya kilometa 180. Ukiishiwa kilometa 30 mbele ya kufika Likasi, sanduku hilo halitakufikisha. Lakini kama kuna kijiji chenye umeme, au duka lenye grupu, kwa kilometa 6, litakufikisha pale. Hii ndiyo kazi yake: kukutoa mahali pabaya na kukufikisha mahali pazuri.

Usidanganywe kwamba plake ya jua italijaza upesi. Plake ya wati 200, kwa masaa 5 ya jua kali, inaweza kukupa wati-saa kadiri ya 700. Kujaza sanduku la 2,000 kutaomba siku tatu.

Mwenye pikipiki ya umeme ana bahati. Pikipiki inakula wati-saa 30 au 40 tu kwa kilometa. Sanduku lile lile linaweza kuisukuma kilometa 35 na zaidi.

KWANZA UHAI WA WATU

Motokari ikisimama, usikimbilie sanduku. Ninyi munajua njia zetu: malori ya madini yanapita usiku na muchana, na lori lenye muzigo halisimami upesi. Wafanyakazi wengine wanaponea chini ya udongo, kisha wanakufa pembeni ya njia. Fanya hivi kwa utaratibu:

1. Toa motokari katika njia kabisa, ungali na nguvu kidogo. Usingoje mpaka gurudumu la mwisho.

2. Washa taa za kuonya. Weka pembetatu kadiri ya hatua 100 nyuma ya motokari. Kama huna pembetatu, weka matawi ya miti, na uyaondoe wakati wa kuenda.

3. Shusha watu wote. Mama na watoto wakae mbali na njia, upande usiopita malori. Mutu asilale ndani ya motokari.

4. Pigia simu mutu wa nyumbani au wa kazi. Mwambie mahali ulipo na saa unayotumaini kuondoka.

Kuna jambo lingine. Sisi tumezoea kuvuta motokari iliyoharibika kwa kamba. Motokari ya umeme hairuhusu. Magurudumu yanayosukumwa na moteri yakizunguka chini, moteri inatengeneza umeme, na umeme huo unaweza kuunguza mitambo. Inafaa kuipandisha yote juu ya lori.

NAMNA YA KUJAZA

Soma kwanza karatasi ya sanduku na ile ya motokari. Ukiwa na ruhusa ya zote mbili, endelea.

Weka sanduku juu ya kitu kikavu: ubao, jiwe la bapa, au sahani ya chuma. Usiliweke katika majani makavu, wala chini ya motokari, wala ndani ya malle iliyofungwa. Sanduku linapumua: vipepeo vyake vinatoa joto, na joto likikosa njia sanduku litajizima au litaharibika.

Liweke kivulini. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, motokari iliyofungwa juani inapata joto kupita kiasi, na batri nyingi hazipendi kujazwa juu ya nyuzi 45 za joto. Mvua ikianza kunyesha, acha kazi, chomoa, ufunike sanduku.

Punguza kamba ya motokari mpaka ampere ya chini, ni 6. Ingiza kamba moja kwa moja katika sanduku. Usitumie kamba nyembamba za kurefusha, zile za redio na taa: zinapata moto kwa ndani mbele ya wewe kuona moshi. Kila dakika kumi, gusa prizi kwa nyuma ya mukono. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuigusa, simamisha kazi.

Simama karibu na sanduku mpaka mwisho. Watoto wasichezee hapo.

TAA NYEKUNDU INASEMA NINI?

Mara nyingi utafunga kila kitu vizuri, na kamba itakataa: taa nyekundu inawaka. Usikasirike. Kamba ile inafanya kazi ya mulinzi. Mbele ya kupitisha umeme inatafuta waya ya udongo, ile inayopeleka umeme chini pasipo kumupiga mutu. Sanduku nyingi za kubeba hazijafungwa kwa namna ambayo kamba inaitambua, ndiyo sababu inakataa.

Kuna kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa kumaliza shida hiyo. Kinunuliwe pamoja na sanduku, na fundi wa umeme akipime nyumbani mbele ya safari. Lakini kukata kamba, kuunganisha nyuzi kwa meno, au kudanganya mulinzi kwa kipande cha waya, hapana! Mutu anayefanya hivyo amesimama peku katika udongo wenye maji na ameshika bati la motokari. Siku nyuzi itakapoguswa vibaya, umeme utapita katika mwili wake.

Vilevile, ukifungua mbele ya motokari utaona nyuzi nene za rangi ya machungwa. Rangi hiyo inasema: hatari. Ndani yake mara nyingi mnapita volti 400. Usiziguse, hata motokari ikiwa imezimwa.

Jambo moja lingine: pengine motokari haikuishiwa. Karibu motokari zote za umeme zina pia batri ndogo ya volti 12, ile inayowasha mitambo yote. Hiyo ikikufa, hakuna kitu kinachoamka, na batri kubwa haiwezi kupokea umeme. Mbele ya kusema nguvu imekwisha, angalia batri ndogo.

SANDUKU LIKITOA MOSHI

Batri ya lithiumu iliyopigwa, iliyoingia maji au iliyotengenezwa vibaya inaweza kupata joto lisilosimama. Alama zake ni hizi: inavimba, inapiga sauti ya kufyonza au kupasuka, inatoa harufu kali na moshi mweupe. Moshi huo ni sumu, tena unaweza kushika moto.

Usiukaribie kwa kutaka kuokoa kitu. Ondoa watu, enda upande upepo unapotokea, hatua 30 na zaidi, kisha ita wazima-moto. Maji mengi yanapoza batri, lakini kazi hiyo ni ya watu waliofundishwa. Moto ukizimika, usiseme umekwisha. Batri inaweza kuwaka tena kisha masaa, hata kisha siku. Isirudishwe ndani ya nyumba.

Sanduku lililoanguka kutoka juu ya lori, hata likiwa lingali linafanya kazi, lipimwe na fundi. Usiliweke tena chini ya kitanda cha watoto.

UKITUMIA GRUPU

Wengine watasema: grupu ina nguvu kuliko sanduku. Ni kweli, na tena inajazwa kwa esanse. Lakini moshi wa grupu una gazi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Grupu ikae nje, mbali na mulango na dirisha kwa metre 6 na zaidi. Usiiwashe ndani ya garaji, hata mulango ukiwa wazi. Mutu akisikia kichwa kinauma, anazunguka, anatapika, mutoe nje kwa hewa upesi na umupeleke lopitali.

Na ninyi wa nyumbani, sikieni vizuri: sanduku au grupu isiingizwe katika prizi ya ukuta kwa kamba yenye meno pande mbili ili iwashe nyumba yote. Umeme utarudi katika nyuzi za njia, na fundi anayetengeneza nyuzi hizo akifikiri zimekufa atauawa na nyumba yako.

MBELE YA SAFARI

Andika haya na uyabandike karibu na funguo za motokari:

- Nimehesabu kilometa za kuenda, na nimeacha robo ya batri kwa mambo yasiyotazamiwa.
- Ninajua mahali pawili pa kujaza njiani.
- Sanduku limejaa, na limefungwa kwa kamba lisiruke.
- Kamba ya safari, kifaa chake, pembetatu na tochi vimo.
- Mutu wa nyumbani anajua saa ya kufika kwangu.

Na sanduku linalokaa bila kazi, usiliache tupu. Liache na nusu au zaidi, mahali pakavu, na uliangalie kila miezi mitatu. Sanduku tupu ni muzigo wa bure.

Ndugu wafanyakazi, shaba na kobalti ziliwaomba jasho mbele ya kutoka katika udongo. Zisiwaombe damu mukishazipokea tena kama motokari na batri. Jua kipimo, heshimu mulinzi, linda watu kwanza, na motokari kisha.

ASIYEPIMA MBELE YA SAFARI, ATAPIMWA NA SAFARI.