Mfupa wa Ishango na Vijana wa Kalembe

Katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, pale Ishango ambapo mto Semliki watoka katika ziwa Edward, palifukuliwa mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10 tu. Aliyeuvumbua mwaka 1950 ni Mbelgiji, Jean de Heinzelin. Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000. Umechongwa mikato kwa safu tatu: ya kwanza mikato 60, ya pili 60, ya tatu 48. Maana yake ni nini? Wataalamu wengine husema ni hesabu. Wengine, ni siku za mwezi. Wengine tena, ni mikato ya kuzuia mkono usiteleze. Hata leo hawajapatana.

Mfupa wenyewe umewekwa katika makumbusho huko Bruxelles, mbali sana na watoto wa Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale. Lakini mfano wake waweza kuchongwa kwa mti na kuonyeshwa shuleni. Basi, nani atakayeamua kama umeonyeshwa vema? Twajibu: vijana wenyewe.

Makumbusho mengi ya sayansi hufanya hivyo. Mathalan Exploratorium ya San Francisco, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1969 na Frank Oppenheimer, huweka mbele ya wageni kitu kisichokwisha kutengenezwa. Mafundi huwatazama: wasimama wapi, washika nini, wachoka wapi. Kisha hukirekebisha na kukijaribu tena.

Lakini wasiitwe wale wa kwanza darasani peke yao. Aitwe msichana apimaye maharagwe sokoni. Aitwe mchungaji ahesabuye ng'ombe jioni. Aitwe asemaye Kinyanga na asemaye Kihunde. Aitwe aliyeacha shule kwa sababu ya kukimbia vita. Kijana kipofu naye aitwe, kwani vidole vyake vitatuambia kama mikato yasomeka bila macho. Kila mmoja ataona kosa ambalo mwenzake hakuliona.

Tena tujihadhari na jambo moja. Mtoto mwenye adabu akiulizwa na mkubwa, “Umeelewa?” hujibu, “Ndiyo,” hata kama hakuelewa kitu. Afadhali tumwambie, “Haya, mweleze mdogo wako.” Hapo ndipo tutakapojua ukweli. Akishindwa, tusimlaumu yeye. Tuyabadili maandishi yetu.

Kijana asiyeulizwa kamwe hudhani kwamba elimu ni mali ya wengine. Kumbe mikato ile ilichongwa na watu walioishi katika nchi hii hii! Wazazi na walimu, chukueni fimbo, chongeni safu tatu, mwape vijana bila kuwafumbulia maana yake. Sikilizeni kwanza watakayosema, ndipo mwandike maelezo.