Aliyeshindwa Mara Tano

Katika mazungumzo ya leo twataka kufikiri juu ya kushindwa. Neno hili hatulipendi sana kanisani. Tukisimama kutoa ushuhuda, twasimulia ushindi: mtoto amepita mtihani, kesi ya shamba imekwisha, duka limepata wateja. Yule ambaye mtoto wake ameanguka mtihani hukaa nyuma, akanyamaza. Leo twataka kuzungumza na huyo.

Mfano wetu ni bondia wa uzito wa juu, George Foreman wa Marekani, aliyefariki Machi 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Alipigana mapambano 81 ya kulipwa. Alishinda 76, akashindwa 5. Watu huhesabu zile 76. Sisi tuhesabu hizo tano, maana ndizo zinazotufundisha.

Foreman alilelewa katika umaskini mjini Houston, akaacha shule mapema. Mwaka 1968 alipata nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Mexico. Januari 1973, kule Kingston, Jamaica, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili tu, akawa bingwa wa dunia. Ilipofika mwaka 1974, alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja.

Ndipo akaja Afrika. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, nchini Zaire, ambayo siku hizi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikutana na Muhammad Ali. Ali aliegemea kamba za ulingo, akajikinga uso kwa mikono, akamwacha mwenzake apige. Foreman alipiga, akapiga, mpaka nguvu zikamwishia. Katika raundi ya nane Ali alimpiga ngumi za haraka, na yule jitu akaanguka, refa akamhesabu hadi kumi. Uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia Ali.

Sikilizeni basi alivyosema Foreman baadaye. Alisema kamba zilikuwa zimelegezwa. Alisema refa alihesabu upesi. Hata alisema kwamba maji aliyopewa yalitiwa dawa. Kila mtu alikuwa na hatia isipokuwa yeye. Huko ndiko kushindwa kubaya zaidi. Kuanguka chini ni jambo la sekunde kumi tu, lakini kisingizio chaweza kumlaza mtu miaka mingi. Je, sisi hatuzijui kamba hizo zilizolegezwa? Mwalimu hakumpenda mtoto wetu. Jirani ameturoga. Wazee wa kanisa walipanga njama ndiyo maana hatukuchaguliwa. Mara nyingine ni kweli tumeonewa, na haki yafaa kutafutwa. Lakini mara nyingi mwenzetu alikuwa hodari kutuzidi, wala hatutaki kukiri.

Foreman alitamani sana kurudiana na Ali. Akiwa katika njia hiyo alishindwa mara ya pili, tarehe 17 Machi 1977, mjini San Juan, Puerto Rico. Jimmy Young alimshinda kwa pointi baada ya raundi 12. Katika chumba cha kubadilishia nguo Foreman alizidiwa, akaona kwamba anakufa. Daktari aweza kulieleza jambo hilo kwa joto na uchovu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba pale alimlilia Mungu, naye akamsikia. Akaacha ndondi kwa miaka kumi. Akawa mhubiri mjini Houston, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana.

Fedha za kituo zilipopungua, alirudi ulingoni mwaka 1987, mnene na mwenye kipara, watu wakamcheka. Na hapa, wapenzi, tusikilize kwa makini. Twaweza kudhani kwamba mtu akiokoka hatashindwa tena. Foreman alishindwa mara tatu zaidi! Mwaka 1991 alishindwa na Evander Holyfield, ingawa alisimama raundi zote 12, wala kati ya raundi hakukaa kitini. Mwaka 1993 alishindwa na Tommy Morrison. Kweli, Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi, akawa bingwa tena, miaka 20 baada ya Kinshasa. Akapiga magoti kwenye kona yake, akaomba. Wengi huikomesha habari hapo, kwa kuwa ni tamu. Lakini Novemba 1997 alishindwa tena kwa pointi, na Shannon Briggs. Wengi waliotazama waliona kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Safari hii angekuwa na haki ya kulalamika. Hakufanya ugomvi, aliondoka ulingoni, asirudi tena.

Basi imani haikumwondolea kushindwa. Ilimwondolea kisingizio na uchungu. Ali, aliyemwangusha, alikuwa rafiki yake. Machi 1997, filamu juu ya pambano lile la Kinshasa ilipopewa tuzo huko Marekani, wawili hao walipanda jukwaani. Ali alikuwa akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Aliyemsaidia kupanda ngazi alikuwa Foreman.

Yakobo naye alishindana mweleka usiku kucha penye kivuko cha Yaboki. Alipata baraka, lakini asubuhi alitoka huko akichechemea. Baraka na kuchechemea vilikuja pamoja. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwa anachechemea hakubarikiwa.

Wewe uliyefunga duka lako, wewe ambaye ndoa yako imevunjika, wewe kijana usiyepata nafasi ya shule, hatukuahidi kwamba pambano lijalo utashinda. Hatujui. Twakuuliza mambo mawili tu. Je, ni kisingizio gani unachokishika hata leo? Na yule aliyekushinda, akipungukiwa na nguvu, mkono wako utamshika apande ngazi? Ukijibu hayo mbele za Mungu, umekwisha kuinuka, hata kama hesabu ya watu yakuonyesha ukiwa chini.

Na Jumapili, yule anayekaa nyuma akinyamaza, tukakae karibu naye.

Bwana awe nanyi. Amin.