Mshtakiwa Hakuwa Sangara Peke Yake

Kwa miaka mingi kesi ya Ziwa Victoria ilikuwa na mshtakiwa mmoja: sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa mamia ya spishi, walikuwa wameadimika. Sangara ukimpasua tumbo, furu walikuwamo. Ushahidi gani tena?

Ulikuwako mwingine, chini kwenye tope. Mwaka 2002 mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walichapisha walichokisoma katika tabaka za tope la ziwa, ambazo huhifadhi mabaki ya mwani wa kila kipindi. Wakazilinganisha na kumbukumbu za ongezeko la watu na kilimo. Mwani ulianza kuzidi tangu miaka ya 1930, na vilindi vikaanza kukosa oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara akiwa bado mgeni. Alikula furu, ndiyo, lakini ziwa lilikuwa linaumwa kabla yake.

Ugonjwa unatoka nchi kavu. Mvua huosha mashamba na kubeba udongo wenye fosforasi. Mwani hushiba, hufa, huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Fosforasi nyingine hupita angani: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba vumbi na majivu ya moto wa mashamba na misitu huliletea ziwa sehemu kubwa ya kirutubisho hicho. Mtaalamu wa samaki angelijuaje hilo bila mpima hewa?

Naye ana lake la kuwaeleza wengine. Katika Ghuba ya Mwanza, Ole Seehausen na wenzake waligundua, mwaka 1997, kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi. Mwekundu ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Wa buluu ni jamaa yake wa karibu. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, na spishi huchanganyika.

Na ule udongo wa mashamba? Upande wa Kenya, katika bonde la Mto Nyando, watafiti wa udongo walifanya kazi pamoja na wachumi, wakizungumza na kaya za wakulima. Mpima maji huona tope likiingia ziwani. Haoni kwamba anayechimba matuta mlimani hutoa jasho lake mwenyewe, ilhali nafuu ya mafuriko humfikia mtu wa tambarare za Kano, huko chini.