Jino Likinyamaza Halijapona

Jirani yangu hapa Pioneer, Eldoret, ni mwalimu. Kwa majuma mawili alifundisha akiwa ameshika shavu, kisha maumivu yakakoma ghafla. Akamshukuru Mungu, asimwone daktari. Miezi michache baadaye ufizi ulifura na usaha ukatoka.

Wengi wetu huamini kuwa jino likinyamaza limepona. Kumbe huenda kilichokufa ni mshipa wa fahamu, ilhali viini vya maradhi vingali vinakula mfupa chini ya mzizi. Vidonge peke yake haviponyi, kwa kuwa damu inayobeba dawa haifiki tena ndani ya jino lililokufa.

Tiba ya mzizi, basi, ni nini? Daktari hutia ganzi, akalitoboa jino, akaondoa nyama iliyooza ndani, akaisafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Gego aghalabu huvikwa kofia lisije likapasuka. Kazi hii yaweza kuhitaji zaidi ya siku moja, nayo ni ghali kuliko kung'oa. Hata hivyo, pengo nalo lina gharama. Pasipo meno ya juu ya mbele, mwalimu atatamkaje 'fahamu' na 'vitabu'?

Si kila jino huokoleka. Lakini Chuo Kikuu cha Moi hufunza madaktari wa meno papa hapa Eldoret. Tusione haya kuwauliza, kwa lugha tuielewayo: Je, jino hili laweza kuokolewa? Kwa siku ngapi? Kwa shilingi ngapi? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.